Mpira wa Mkojo na Vidonge vya Mkobani

Naandika kutoka Bertrams, Johannesburg, karibu na uwanja wa Ellis Park. Katika mitaa hii Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi hukutana na changu cha Tanga, na mmoja wetu akilazwa, sote tunauguza.

Mwaka jana mzee jirani yetu alivunjika nyonga. Alipasuliwa salama, akawekewa mpira wa mkojo. Siku ya tisa homa ikampanda, akaanza kuweweseka. Mkojo ulipopimwa na kuoteshwa maabara, walikutwa bakteria aina ya E. coli, sugu kwa kila kidonge kilichojaribiwa. Ikabidi achomwe sindano za dawa ya akiba. Mkewe akaniuliza, "Mwanangu, kilichovunjika ni nyonga. Huu ugonjwa wa mkojo umetoka wapi?"

Mimi si daktari. Ni mhandisi wa maji, niliyesomea Uingereza. Ninachokijua ni mabomba. Bomba likikaa na maji hujenga utelezi ndani. Klorini huua bakteria wanaoelea, lakini waliojificha katika utelezi husalia. Mpira wa mkojo nao ni bomba. Kila siku unapokaa mwilini, uwezekano wa bakteria kuingia ni kama asilimia 3 hadi 7. Ukimaliza mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Wengi hawaumwi, na asiyeumwa kwa kawaida hahitaji dawa. Anayeumwa ndiye mwenye swali zito: je, ipo dawa bado inayowaweza?

Hapo ndipo inapoingia mikoba yetu. Afrika Kusini antibayotiki haziuzwi bila cheti cha daktari, kwa hiyo kila anayetoka nyumbani huagizwa vidonge. Viwili vya mkojo unaowasha, vitatu vya mafua, vingine vya akiba. Bakteria dhaifu hufa. Walio sugu hubaki tumboni wakizaana, na siku ya kulazwa tunaingia nao wodini. Utafiti uitwao HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kwamba takriban nusu ya waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa mkojo walikuwa na bakteria sugu kwa dawa za aina nyingi.

Mzee alipona, ingawa alikaa hospitali majuma mawili zaidi. Wengine hawana bahati hiyo.

Basi, ndugu zangu, mkienda kumwona mgonjwa, nawieni mikono, kisha mwulizeni nesi kwa adabu: "Huu mpira bado unahitajika leo?" Mgonjwa wa mkojo akiandikiwa dawa, ulizeni kama mkojo umeoteshwa. Na mtu akisafiri kutoka nyumbani, mwagizeni dagaa, majani ya chai, hata khanga. Vidonge aviache huko huko.