Barua kwa Mpwa Aliyeko Durban: Gari la Nyumbani Katika Kiwanja cha Mbio



Azma ya mpwa ya kulipeleka gari lake la kila siku kwenye kiwanja cha mbio imefika masikioni mwa ukoo, na mjomba, ambaye kwa desturi huachiwa maneno ambayo baba huyasema kwa ukali na mama huyasema kwa machozi, ameona ni wajibu wake kulipima jambo hili kwa utulivu kabla ya kulikubali au kulikataa. Kinachozungumziwa si mashindano, bali siku ya kiwanjani, yaani siku ambayo kiwanja cha mbio hufunguliwa kwa madereva wa kawaida, kila mmoja akalipa kiingilio, akapewa maelekezo ya bendera na ya namna ya kupitana, kisha akaruhusiwa kuendesha kwa kasi anayoimudu bila kugombea zawadi. Katika mpango huo magari yote huelekea upande mmoja, hakuna mtoto anayekatiza njia wala teksi inayosimama ghafla kupakia abiria, na kwa sababu hiyo kijana anayetaka kujua gari lake linakimbiaje anafanya jambo la busara zaidi kuliko wale wanaoshindana usiku katika barabara za mji. Hilo linakubaliwa tangu mwanzo, na halitarudishwa nyuma.

Mashaka yanaanzia kwenye umbali. Jimbo la KwaZulu-Natal lilikuwa na kiwanja maarufu cha Roy Hesketh huko Pietermaritzburg, ambacho kilifungwa mwaka 1981, na siku hizi mkazi wa Durban anayetaka lami ya mbio ama huteremka pwani ya kusini hadi kiwanja cha Dezzi, karibu na Port Shepstone, mwendo wa takribani kilomita 120, ama hupanda barabara ya N3 kwa zaidi ya kilomita 550 hadi kile cha Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria. Mwenye gari la mbio hulileta juu ya trela, na likiharibika hulipandisha tena akaondoka nalo, ilhali gari la nyumbani lililotoka Kyalami halina budi kushuka lenyewe mteremko wa Van Reenen jioni, likiwa na breki zilizochomwa kutwa nzima na dereva aliyechoka, na kesho yake alfajiri linangojewa na mama mwenye miadi ya hospitali.

Breki zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndizo zinazoumia kwanza na ndizo zinazodanganya zaidi. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka maradufu joto huwa mara 4. Gari la kilo 1,100 likipunguzwa kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80 ili likate kona, hutoa katika sekunde chache joto linalotosha kuchemsha lita 3 na nusu za maji ya bombani, yaani birika zima la chai ya wageni, na birika hilo hubandikwa upya kila inapofika kona kali, mzunguko baada ya mzunguko. Barabarani breki hupata nafasi ya kupoa, lakini kiwanjani hazipati, na matokeo yake pedi, yaani vile vibao vinavyoibana diski ya gurudumu, huanza kutoa harufu ya kuungua na kupoteza mshiko hata kama dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote.

Linalofuata ni baya zaidi. Mafuta ya breki, ambayo hupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake, na Durban, kama kila mwenyeji ajuavyo kwa kutazama kuta za nyumba yake, ni mji ambao unyevu haukauki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kanuni yenyewe inaridhika na nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi, pedali huzama hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga tope. Baada ya nusu saa ya kupoa pedali hurudi kuwa ngumu, kijana akadhani breki zimepona, kumbe mafuta ni yaleyale na yatachemka tena. Fundi anayeyabadilisha kabla ya safari hufanya kazi ya muda mfupi kwa gharama ndogo, na hakuna maandalizi mengine yenye thamani kama hayo.

Mambo mengine yanatosha kutajwa kwa ufupi. Kyalami iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Durban, hivyo injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupungukiwa nguvu na breki hupozwa kwa uvivu zaidi. Katika kona ndefu oili husukumwa upande mmoja wa sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, na ikiwa imepungua, pampu huvuta hewa na vyuma vikasagana vikavu. Bendera nazo zitiiwe papo hapo, kwa kuwa huenda kuna mtu njiani: ni Kyalami hiyohiyo ambako tarehe 5 Machi 1977 dereva wa mbio Tom Pryce na msimamizi kijana aliyekuwa akivuka njia na kizima moto mikononi walipoteza maisha kwa pigo moja.

Lakini hatari ambayo vijana hawaioni iko ndani ya makaratasi. Mikataba mingi ya bima kubwa, yaani ile inayolipia hata gari la mwenye bima mwenyewe, huondoa kwa maneno ya wazi hasara inayotokea kwenye mbio, majaribio ya kasi au kiwanja cha mbio, na mfuko wa serikali wa ajali za barabarani nchini Afrika Kusini hushughulikia majeruhi na vifo, si mabati yaliyokunjwa. Tena gari lililonunuliwa kwa mkopo jina la mwenye hati ni la benki, hivyo likigonga ukuta wa matairi siku ya Jumamosi, kijana ataendelea kulipia kila mwezi chuma ambacho hakitembei, huku akitafuta nauli ya kwenda kazini. Kipimo cha haki ni kimoja: gari ambalo mwenyewe hawezi kuliacha kiwanjani likiwa limeharibika, akarudi nyumbani kwa basi na maisha yakaendelea, halijawa gari la kiwanjani.

Kwa kipimo hicho, gari la sasa lisiende Kyalami kabla deni halijaisha. Likishalipiwa, au kijana na wenzake wakichanga na kununua gari la zamani aina ya Citi Golf la kuvutwa kwa trela, mjomba atakuwa wa kwanza kuchangia helmeti. Ikiwa azma ni ya sasa hivi na haizuiliki, basi iwe Dezzi, kwa mwendo wa kujifunza, mizunguko michache kwa wakati mmoja, wa mwisho ukiwa wa taratibu ili breki zipoe, na breki ya mkono isivutwe diski zikiwa bado za moto.

Kabla ya kulipa kiingilio chochote, mpwa anaombwa alete kwa mjomba karatasi tatu: mkataba wa bima ukiwa na kifungu cha mbio kilichopigiwa mstari, taarifa ya deni lililobaki benki, na risiti ya gereji yenye tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa kwa mara ya mwisho.