Mama wa Mboko katika jangwa la rangi

Jumamosi moja, familia ya wakimbizi kutoka Mboko, katika teritware ya Fizi, Kivu ya Kusini, ilipanda basi ndogo alfajiri mjini Phoenix, Marekani, ambako inaishi sasa. Baada ya masaa zaidi ya matatu walifika mbuga ya Petrified Forest, jimboni Arizona, penye jangwa linaloitwa Painted Desert, maana yake jangwa lililopakwa rangi.

Pale hakuna mchanga mtupu. Kuna vilima vya udongo vilivyokatwa na mvua, vyenye mistari myekundu, ya kijivu, ya zambarau na myeupe. Mvua ni chache, lakini ikinyesha inabeba udongo, kwa sababu majani ya kuushika ni machache.

Mwongozaji alieleza kwa Kiingereza, na binti mkubwa akamtafsiria mama yake. Wekundu ule unatoka kwenye chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo. Magogo yaliyolala chini ya vilima yamekuwa mawe: zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita yalifunikwa na matope ya mito, na madini ya majini yakachukua polepole nafasi ya mbao. Wakati huo nchi ile ilikuwa karibu na ikweta, yenye mito na misitu. Ardhi yenyewe imehama.

Mama akacheka: «Kumbe hata udongo ni mkimbizi!»

Mtoto wake wa miaka 10, aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, alikuwa ameficha kipande cha jiwe mfukoni. Alitaka kumtumia bibi yake, mama mzazi wa mama yake, aliyebaki kule kambini.

«Papa, rudisha pale ulipokitoa», mama akamwambia.

Kuchukua jiwe ni marufuku. Mwongozaji akasema kuna watu wanaoiba, halafu wanayatuma tena kwa posta pamoja na barua za kuomba msamaha. Lakini mawe hayo hayawezi kurudishwa mahali pake, kwa kuwa hakuna anayejua yalitoka wapi hasa. Yanarundikwa tu pembeni.

Mama alinyamaza muda mrefu. Njiani kurudi aliwauliza watoto: «Kwetu ni wapi?» Mdogo akajibu: «Kongo.» «Kongo wapi?» Hakujua.

Basi akaanza kuwafundisha humo garini: Kivu ya Kusini, Fizi, Mboko, kando ya ziwa Tanganyika. Usiku mtoto alimtumia bibi sauti kwa simu, akiyataja yote. Hakumtumia jiwe.

Asubuhi jibu likaja. Bibi alifurahi, lakini alimsahihisha: «Umesema vizuri, mjukuu wangu, ila hujamaliza. Nyumba yetu ilikuwa upande wa ziwa, nyuma ya miembe miwili. Sema tena.»

Mtoto akasema tena.