Gari Halipimwi Tupu

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukweli wa kauli hii ulimdhihirikia mwalimu mmoja kijana wa Nyamira pale alipoazimia kulivisha gari lake matairi mapana.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX, kuukuu lakini lenye nguvu. Alilipenda tangu utotoni, aliposimuliwa jinsi Colin McRae alivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1997, naye Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Lilikuja na matairi ya 205/55R16. Yeye aliyaona membamba, akanunua ya 225/50R17, pamoja na rimu zilizosogeza magurudumu nje kwa milimita 18. Fedha zilipopungua, mamake, mkulima wa majani chai karibu na Kebirigo, alimwongezea kutoka katika bonasi yake. Mwana alikuwa amemwambia kwamba tairi pana ni salama zaidi. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli: tairi pana hushika vyema lami kavu, ilhali penye maji mengi huelea upesi kuliko jembamba. Alilolitaka hasa ni kutazamwa.

Matairi yalipofungwa, alizungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Hapakuwa na mguso wowote. Akaridhika.

Majuma mawili baadaye mama aliugua. Usiku huo huo alipakiwa garini pamoja na ndugu watatu, safari ikaelekezwa hospitalini mjini Kisii. Kila kona na kila shimo, mkwaruzo ulisikika nyuma.

"Mwanangu, gari linalia nini?" mama akauliza kwa sauti dhaifu.

"Ni barabara tu, Mama," akajibu, huku akiongeza sauti ya redio.

Walifika salama, mama akatibiwa. Asubuhi yake kijana alilipeleka gari kwa fundi. Fundi alilifungua gurudumu la nyuma, akapitisha kidole kwenye bega la tairi. Ukingo wa fenda ulikuwa umelichonga mpaka nyuzi zikachungulia.

"Mwalimu, ulilipima likiwa na watu wangapi?"

"Likiwa tupu."

"Basi hukulipima."

Akamweleza kwa upole. Katika 225/50R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi ya awali yalikuwa na kipenyo cha milimita 632 hivi. Mapya yalifika 657. Kila gurudumu liliikaribia fenda kwa zaidi ya milimita 12, nazo rimu zikalitoa nje. Gari likibeba watu, springi hubonyea na nafasi iliyosalia huliwa. Hata kipimamwendo kilidanganya: kilipoonyesha 80, gari lilikwenda kama 83.

Wapo wanaokunja ukingo wa fenda kwa nyundo. Fundi huyu hakulipenda jambo hilo. Alishauri 225/45R17, upana ule ule lakini ubavu mfupi, kipenyo cha milimita 634, juu ya rimu zisizotokeza. Kijana aliuza rimu zake kwa hasara ili apate hizo. Kazi ilipokwisha, fundi aliwaita vijana wanne waketi ndani, akapitisha mkono kati ya tairi na fenda, kisha upande wa ndani penye shokabzoba, akamwamuru alizungushe gari uwanjani polepole. Likapita kimya.

Siku ya kumrejesha mama nyumbani, kijana alizima redio. Walipoipita Nyamira, alimweleza yote: bonasi ilivyotumika, na mlio ule ulikuwa wa nini. Mama alinyamaza kitambo.

"Nilijua si barabara," akasema. "Barabara hii nimeipita miaka mingi. Haijawahi kulia."

Kijana hakuwa na la kujibu. Ama kwa hakika, uongo aliomwambia mama nao ulipimwa gari likiwa tupu. Ulikaa vyema mpaka siku ulipobebeshwa watu.