Mizani Aliniachia Mimi

Mwaka 1974 niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, Imenti Kusini, Meru. Baadaye nilihamia Embu, upande wa Runyenjes, na huko ndiko nilikostaafia. Kazi ilikuwa ile ile: kupima matunda mekundu, kuandika uzito kwenye risiti na daftari, na kulinda kahawa ya watu mpaka ipakiwe lorini.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba wakulima walifika kila mchana wa mavuno na magunia yao. Walimwaga matunda kwenye turubai, wakatenga mabichi, yaliyokauka na yenye ugonjwa, ndipo wakapanga foleni kwenye mizani. Jioni mashine ilimenya, na usiku kucha kahawa ikachachuka kwenye matangi. Alfajiri fundi alitumbukiza mkono akazisugua punje. Zikiteleza, bado, zikikwaruza vidole, ziko tayari kuoshwa. Kisha zilianikwa mezani kwa majuma mawili hivi, nasi tukikimbia kuzifunika mvua ikitishia.

Baada ya hapo mkulima hakuwa na la kufanya ila kungoja. Kahawa ilikwenda Nairobi kukobolewa na kunadiwa, na malipo yalirudi baada ya miezi kadhaa. Watoto walikuwa wameshaingia shule kwa mkopo, na bei hakuna aliyeijua. Kwa hiyo kumtegemea Mungu kwetu hakukuwa somo la Jumapili peke yake.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Paraná, Brazil. Bei ya dunia ikapanda mfululizo, na mwaka 1977 ikavuka dola 3 kwa ratili. Kwetu nyumba za nyasi ziliezuliwa, mabati yakapanda. Karo ililipwa, na harambee za makanisa zikajaa. Tulimshukuru Mungu, na ilitupasa kushukuru. Lakini wapo waliosema tumebarikiwa kwa kuwa tumempendeza kuliko wengine. Hapo moyo wangu uligoma. Nilimfikiria mkulima wa Paraná, Mkristo kama mimi, akisimama katikati ya shamba lililoungua. Je, yeye alikuwa amefanya nini?

Zamu yetu ilifika. Mwaka 1984 ukame ulitukausha. Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuafikiana juu ya viwango vya mauzo, na katika miezi michache bei ikaanguka kwa karibu nusu. Kung'oa mikahawa kulikatazwa na sheria, kwa hiyo watu walipanda mahindi na maharagwe katikati yake, na wengine wakaiacha imezwe na magugu. Waliokuwa wamesema tumependelewa sasa walitafuta dhambi iliyotuletea adhabu.

Siku ya malipo mjane mmoja alikuja dirishani na karatasi yake. Mbolea na dawa zilizokatwa zilikuwa zimemeza karibu kila kitu.

"Karani, nambie ukweli. Mungu amenikasirikia?"

"La, mama. Wakubwa wa kahawa wamekosana huko ng'ambo. Bei imeanguka kwa kila mtu."

"Na Yeye alikuwa akiona?"

"Alikuwa akiona, mama. Kwa nini ameacha iwe hivi, sijui."

Alikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la leso. "Haya. Kesho nitaleta debe lililobaki. Unipimie vizuri."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko mahubiri mengi. Katika Injili ya Luka, watu walipomletea Yesu habari za msiba, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Basi bei nayo si barua ya Mungu ya kutusifu wala kutushutumu. Hekima yake ni pana kuliko soko, na sehemu kubwa hakutufunulia. Lakini kitabu cha Mithali hakikuficha neno kuhusu mizani: ya hila ni chukizo kwake. Mjane yule hakunidai nimweleze siri za mbinguni. Alinidai kilo zake.

Kila nilipofungua mizani niliomba, kisha nikaionyesha foleni sindano ikiwa kwenye sufuri kabla gunia la kwanza halijapanda. Nilimsomea kila mtu uzito wake kwa sauti, hasa asiyejua kusoma. Na katika mikutano ya wanachama nilisimama na wenzangu kudai hesabu zisomwe hadharani, kwa maana kuna hasara zisizotoka Brazil wala soko la London bali kwenye kalamu ya mtu. Kuziita hizo mapenzi ya Mungu ni kumsingizia.

Kumwamini Mungu, basi, si kukaa kimya mbele ya wizi, wala si kujifanya tunajua kwa nini mvua imekosa. Ni kumwachia yale aliyoyaficha na kuyafanya bila kusitasita yale aliyoyasema. Bei ya kesho aliiweka mkononi mwake. Mizani aliniachia mimi.

Kijana unayeshika daftari la ushirika leo, pale Meru, Embu au popote, ombeni hekima wewe na kamati yako, kwa maana Mungu huitoa kwa ukarimu. Kisha anza na sufuri, mbele ya macho ya watu.