Imetengenezwa Masalani

Kuna kazi moja kwenye mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta ambayo kompyuta haiifanyi. Mashine itafuata mchoro bila kupotea hata sehemu ya kumi ya milimita. Itapanda, itashuka, itazunguka kona. Lakini ikimaliza kutoboa kwa biti ya milimita tatu na sasa inataka ya milimita sita ili isawazishe, inasimama. Kwenye programu mstari huo huandikwa M6, yaani badilisha biti. Mashine kubwa za viwandani zikisoma M6 hujibadilishia zenyewe. Hizi ndogo, ambazo wapenzi wa ufundi hununua na kuweka gereji, husimama tu zikimngoja binadamu aje na spana mbili.

Mimi na abti tumetumia miaka miwili kumwondoa huyo binadamu. Na tumefanya hivyo Masalani, huku Ijara, mahali ambapo mtu wa kushika spana hakosekani hata siku moja. Watu wameniuliza kwa nini. Ni swali la haki.

Abti, kwa Kisomali, ni ndugu wa mama. Yeye naye anakuita abti, kwa hivyo kwetu neno hilo hurushwa huku na huku kama mpira. Abti wangu ana karakana ya mabati ambapo kwa miaka mingi ametengeneza pampu za petroli za wakulima wa migomba na maembe kando ya Tana, mikokoteni ya punda, na milango ya chuma. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, ng'ombe wa hooyo wakaisha mmoja mmoja, na karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Siku hizi naishi kwa kuandika. Watu nisiowajua, wa nchi nisizowahi kufika, hunilipa nieleze uzuri wa viatu vya mbwa na mashine za kufyonza vumbi. Jina langu halitokei popote.

Mashine yenyewe tuliinunua Nairobi kutoka kwa mtu wa mabango aliyekuwa anafunga duka. Ni ile aina inayoitwa 6040, kwa sababu inakata eneo la milimita 600 kwa 400. Abti aliitaka kwa ajili ya pangaboi za pampu. Pangaboi likiliwa na mchanga wa mto, mkulima hungoja jipya kutoka mbali huku migomba inakauka. Sisi tukawa tunalikata hapa hapa kwa alumini.

Pangaboi moja linataka biti nne. Kazi ya kuzibadilisha ilikuwa ya kijana mmoja wa Kipokomo kutoka kijiji cha kando ya mto, ambaye ndiye sababu ya karakana yetu kuongea Kiswahili. Kubadilisha biti si kufungua na kufunga tu. Kila ukiingiza biti nyingine inakaa kwa urefu wake, na mashine haijui. Inabidi uiambie upya sifuri iko wapi. Njia ya kawaida ni kuweka karatasi chini ya biti, uishushe kidogo kidogo huku unavuta karatasi, mpaka usikie imeshikwa. Kijana huyo alikuwa na vidole vizuri sana kwa kazi hiyo. Lakini mara nne kwa pangaboi, pangaboi tano kwa siku, hesabu mwenyewe. Akichoka kidogo, pangaboi linatoka nene upande mmoja na pampu inatetemeka. Stima nayo ikipotea katikati, mnaanza upya. Hatukuwa tunatafuta kuokoa mshahara. Tulitaka kazi iishe kabla stima haijapotea.

Viwanda vilimaliza tatizo hili zamani. Mashine ya kwanza ya kukata iliyoongozwa kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952, na mwaka 1958 kampuni ya Kearney & Trecker ya mji wa Milwaukee ikatoa mashine iliyojibadilishia biti. Dawa yao hadi leo ni ile ile: biti inakaa ndani ya koni, koni inavutwa juu na ufito wenye springi kali, na upepo wa kompresa ukiisukuma ile springi, koni inaachiliwa. Ni kitu kizuri. Tatizo ni kwamba spindeli ya aina hiyo peke yake ilikuwa ghali kuliko mashine yetu nzima, halafu bado hujanunua kompresa.

Tukapita njia nyingine, ambayo si sisi tulioivumbua. Unaiacha spindeli ifungue nati yenyewe. Kila biti inakaa na koleti yake na nati yake ndani ya kikombe kilichochongwa kulingana na umbo la nati. Spindeli inashuka juu ya kikombe, inazunguka polepole kinyume, nati inafunguka na kubaki pale. Inahamia kikombe cha pili, inashuka, inazunguka upande wa kufunga. Haihitaji upepo wala koni.

Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini nati haikai tuli ikifungwa, inapanda, na kikombe lazima kiifuate. Chini ya kila kikombe tukaweka springi nne. Zile za dukani Nairobi zilichelewa, basi abti akaenda kwa mtu wa boda boda akarudi na springi za klachi za pikipiki. Mpaka leo ndizo tunazotumia, kwa sababu zinapatikana kila mji wa Kenya na ikivunjika moja mteja haniulizi.

Kitu cha pili kilikuwa vumbi. Ulaya mtu anaweza kuacha koleti wazi usiku kucha. Jaribu Masalani mwezi wa pili. Chembe moja ikiingia kati ya koleti na biti, biti inazunguka kwa kupepesuka na kuvunjika, na spindeli hii huenda mizunguko 24,000 kwa dakika. Tuliyeyusha mitungi ya manjano ya lita ishirini, ile ya maji iliyopasuka, tukaigeuza kuwa vipande vigumu na kuchonga kifuniko. Hakina mota. Mashine yenyewe inakuja na bega lake, inasukuma kifuniko, inafanya kazi yake, inakirudisha. Cha tatu ilikuwa sifuri. Pembeni tuliweka kitufe cha chuma chenye waya. Kila baada ya kubadilisha, biti inashuka na kukigusa, na amri ya G38.2 inapima urefu wake. Karatasi ikastaafu.

Usiku ambao mashine ilimaliza pangaboi zima bila kuguswa, yule kijana alikuwa amesimama na spana zake mkononi. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, "Sasa mimi nitakuwa nafanya nini?"

Abti hakujibu usiku huo. Milwaukee waliunda kitu hiki kwa sababu mkono wa mtu kwao ni ghali. Kwetu mkono ni rahisi, na ndiyo maana hakuna anayeuhesabu mpaka umekosa kazi. Nilijua mashine bora ya abti ilikuwa imechukua riziki ya siku ya mtu niliyekula naye kila mchana. Njia ya pekee tuliyoiona ni kuuza kibadilishaji chenyewe, na yeye awe ndiye wa kukiunda na kukijaribu. Ikawa hivyo. Lakini mwezi usio na oda, hana siku.

Kwa hivyo kuuza hakukuwa mchezo. Maelezo niliandika mimi. Ndiyo kazi yangu. Picha zikapigwa, bei ikawekwa, simu zikaanza kuingia kutoka kwa watu wa mabango, mafundi wa fanicha, mwalimu mmoja wa ufundi. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka swali lile: "Mko wapi?"

"Masalani."

"Hiyo ni wapi?"

"Ijara. Kaunti ya Garissa."

Kimya. Halafu, "Hamna mtu Nairobi?"

Siwalaumu sana. Wengi wamelisikia jina Garissa kwa habari moja tu, ile ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa chuoni. Nilikuwa mtoto wa shule. Sisi tulizika na kulia kama wengine, lakini jina likabaki na sisi. Na kando ya hilo kuna shaka ya zamani juu ya chochote kilichoundwa Kenya. Abti anakumbuka gari la Nyayo: Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunde mwaka 1986, likaonyeshwa mwaka 1990, halikufika sokoni kamwe. Karakana zake ndizo zilizokuja kuwa Numerical Machining Complex. "Watu walicheka gari," abti husema, "hawakuona mashine zilizobaki."

Cha kwanza kabisa nilikipeleka mwenyewe kwa basi. Kwenye kizuizi kimoja cha njiani tulishuka sote na vitambulisho mkononi kama kawaida, na mkoba wangu ukafunguliwa. Chuma, springi, waya, kitufe. Kijana wa Kisomali. Askari aliuliza hii ni nini, nami nikajisikia nikisema "kibadilisha biti" kwa sauti iliyokuwa ndogo mno. Nikamwonyesha video kwenye simu. Basi zima likangoja. Aliitazama hadi mwisho, akairudisha tena mwanzo, akasema, "Kumbe inajifunga yenyewe." Kisha akauliza bei.

Tulikuwa tumeuza saba alipokuja mfanyabiashara mmoja wa Nairobi akitaka ishirini kwa mpigo. Sharti lake lilikuwa sanduku liwe na jina lake, anwani yake, na Masalani isitajwe.

Tulikaa karakanani watatu. Mimi nilikuwa tayari nishakubali kichwani, maana nimezoea. Abti akanitazama. "Abti, wewe unaandikia watu kila siku bila jina lako. Na hiki pia?"

Sikuwa na jibu. Yule kijana ndiye aliyejibu. "Jina halinilipi siku," akasema. "Ishirini ni miezi miwili mimi nafanya kazi."

Wote wawili walikuwa sawa, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Asubuhi nilimpigia mfanyabiashara simu. Sanduku liwe lake, nikamwambia, na anwani iwe yake, lakini chini ya kitako, pale panapogusa meza, tutachonga neno moja. Alifikiri kidogo. "Chini? Nani ataangalia chini? Sawa."

Anayeangalia chini ni fundi, siku kitu kimeharibika, akikipindua kutafuta aliyekiunda ni nani. Huyo ndiye tunayemwandikia.

Yule kijana ndiye aliyeandaa kitako cha kwanza. Alikibana kwenye jiliwa, akabonyeza kuanza, akaweka spana mfukoni kwa mazoea. Mashine ilimaliza kusawazisha, ikasoma M6, ikaenda ikasukuma kifuniko na bega lake, ikaiacha biti bapa na kuchukua ile yenye ncha kali. Ikagusa kitufe. Ikarudi na kuanza herufi ya kwanza kati ya nane.

Bado kumi na tisa.