Kwao Nightingale (sehemu ya 6)

Mama wenzangu, Florence Nightingale mnamjua kwa taa yake. Leo twende kwao, Embley, jumba kubwa kule Hampshire, Uingereza. Baba yake alilinunua 1825. Watoto wawili, wote wa kike. Sasa sikia: mzee wa ukoo aliyemrithisha baba utajiri aliandika kwenye wosia, asipozaa mtoto wa kiume, mali iende kwa dada yake. Baba akafariki 1874. Mama Fanny, mzee, macho hayaoni tena, akaiachia nyumba aliyoiendesha karibu miaka 50! Ikaenda kwa wifi yake. Ikauzwa 1896, leo ni shule.

Niliwahi kumuuguza mjane, dripu mkononi, anauliza hati ya nyumba anayo nani. Kwenu wewe, imeandikwa jina gani?