Ngomo: mlima unataka mifereji kabla ya kaburimbo



Kila mara tunapofungua laini za simu na kuzungumzia barabara, swali la kwanza huwa lile lile: kaburimbo itafika Ngomo lini? Wanaouliza ni kinamama wa soko, mashoferi, vijana wa pikipiki, na siku hizi pia familia zilizokimbia vita, zinazotusikiliza zikiwa ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Burundi. Kwa kazi hii ya redio nimepita mlima ule mara nyingi, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Leo naomba tubadilishe swali. Tuulize kwanza: mifereji itachimbwa lini?

Kwa watoto waliokulia kambini na ambao hawajauona mlima huo, nieleze kidogo. Ngomo iko katika teritware ya Walungu, kwenye barabara ya kitaifa namba 5, ile inayotoka Bukavu kwenda Uvira. Ukitoka Bukavu unapita Nyangezi, halafu njia inaingia mlimani. Inabana, inazunguka, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine bonde, mpaka unafika chini Kamanyola. Kuanzia hapo ni tambarare ya Ruzizi: Luvungi, Sange, Kiliba, na mwisho Uvira.

Ugumu wake unaanzia kwenye maziwa yetu mawili. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye meta 770 hivi. Tofauti yake ni karibu meta 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kati ya Bukavu na Kamanyola. Mto Ruzizi unashuka pale kwa nguvu, ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa sehemu hiyo: Ruzizi ya Kwanza, halafu Ruzizi ya Pili iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Congo, Rwanda na Burundi. Mteremko unaotupa taa ndio huo huo unaotupa taabu ya barabara.

Maji yanaweza kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Lori lenye mzigo haliwezi. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tunataka barabara ishuke meta 7 tu katika kila meta 100, ili breki zisiungue na lori linalopanda lisirudi nyuma. Kushuka meta 700 kwa namna hiyo kunahitaji kilometa 10 za mteremko bila kupumzika. Mlima wenyewe haukupi nafasi ya kwenda kilometa 10 moja kwa moja. Kwa hiyo unazunguka, unapiga kona, unarudi, unapiga kona nyingine. Wanaolalamika kwamba Ngomo ina kona nyingi wajue kwamba bila kona hizo hakuna gari ambalo lingefika.

Sasa tuangalie namna barabara ya mlimani inavyokatwa. Mashine inachimba ubavu wa mlima, inatengeneza kitu kama ngazi moja pana, na magari yanapita juu ya ngazi hiyo. Lakini ukichimba hapo umeukata mlima mguu. Udongo wa juu uliokuwa umeegemea chini hauna tena cha kuegemea. Na udongo uliotupwa upande wa bonde haujashikana, umelala tu. Ngomo ina udongo wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali na wakati wa mvua unateleza kama sabuni. Ongeza miti iliyokatwa kwa ajili ya makaa na mashamba, na mizizi iliyokuwa inashika udongo haipo tena.

Hapo ndipo maji yanaingia, kwa njia tatu. Nimeziona zote tatu.

Maji ya kwanza yanatoka juu ya barabara. Mvua inanyesha kwenye mashamba ya mlimani, inateremka mpaka ukingo wa pale palipokatwa, inaingia ndani ya nyufa. Siku moja ukuta mzima unaanguka juu ya njia. Dawa yake ni mfereji unaochimbwa huko juu kabisa, kabla maji hayajafika ukingoni, ili yapelekwe pembeni. Mfereji huo mpita njia haoni, na kwa sababu hauonekani, mara nyingi hauchimbwi.

Maji ya pili ni yale yanayonyesha juu ya barabara yenyewe. Kama njia imelala wima bila kuinama, maji yanafuata alama za magurudumu, yanachimba, na baada ya wiki mbili alama imekuwa shimo la kumeza tairi. Dawa ni kuinamisha barabara kidogo upande wa mlima, na kuweka upande huo mfereji wa mawe. Wa udongo hautoshi, kwa sababu kwenye mteremko mkali maji yenyewe yanauchimba mpaka unakuwa korongo.

Maji ya tatu ni yale yaliyokwisha kukusanywa na mfereji. Lazima yavuke chini ya barabara kwa mabomba makubwa na kutokea upande wa bonde. Yakitoka pale kwa nguvu bila kukuta sakafu ya mawe, yanakula udongo ulio chini ya bomba, kidogo kidogo, na ndipo nusu ya barabara inaondoka usiku mmoja. Kwa juu unaona njia iko salama, kumbe chini yake ni tupu. Mashoferi wa Ngomo wanajua hilo. Ndiyo maana msaidizi anashuka kwanza, anatembea mbele ya gari, anakanyaga ukingo.

Baada ya maji, zinakuja kuta. Kuta nzuri kwa mlima kama huu ni zile za vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Zinazuia udongo lakini zinaacha maji yapite katikati ya mawe. Ukuta wa saruji usio na matundu unayafungia maji nyuma yake, nayo yanausukuma mpaka unapasuka. Halafu inafuata kazi ya kupanda: matete, miti, majani yenye mizizi mirefu kama vetiveri. Hiyo ni kazi ya mikono, haihitaji mashine.

Kaburimbo inakuja mwisho. Ni kama mabati ya nyumba. Hakuna anayepiga mabati kabla ya kuweka msingi. Lakini nimekwisha kushuhudia matengenezo ya namna hiyo kwenye njia zetu za mlimani: mashine inakuja mwezi wa saba, kiangazi, inapalilia na kusawazisha, wakubwa wanakuja, picha zinapigwa, na mwezi wa kumi mvua inapeleka kila kitu bondeni. Mfereji haukuwapo. Mwaka unaofuata, wanaanza tena palepale.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Tazameni ni nani anayepita Ngomo.

Tangu miaka mingi, msafiri wa Bukavu mwenye hati za kuvuka mpaka huwa haendi Uvira kwa kupitia Ngomo. Anavuka Ruzizi, anaingia Rwanda, anapita Kamembe na Bugarama kwenye kaburimbo nzuri, halafu anavuka tena na kuingia Congo pale Kamanyola. Anatoka nchini kwake ili afike nchini kwake. Analipa usafiri wake, anapanga mstari mara mbili, na anashukuru kwamba amefika mzima.

Anayebaki na mlima ni yule asiye na hati. Kwetu kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho. Aliyekimbia usiku na nyumba ikaungua hana kadi hiyo. Kuna pia mama mwenye vikapu vya tomati, ambaye faida yake ingeishia mpakani, na kijana anayeogopa kuulizwa maswali. Wote hao njia yao ni moja, na ndiyo ile inayofungwa na mvua. Lori likikwama kwenye potopoto siku tatu, mchele na ndagala zinapanda bei Bukavu, na kabichi za Nyangezi zinaozea njiani. Mama mjamzito hawezi kungoja siku tatu.

Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na kuteremka mpaka Kamanyola, maelfu ya watu walikimbilia tambarare na kuvuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, juani na mvuani. Wengine wanaonisikiliza ni wa kundi hilo. Siku mtakapoamua kurudi Walungu au Bukavu, wale wasio na hati watapanda mlima ule ule. Hali ya barabara itaamua kama bibi mzee atapanda ndani ya gari au mgongoni mwa mjukuu.

Walio Burundi wameiona barabara inayopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, Bugarama ya Burundi, si ile ya Rwanda. Inatoka karibu na kimo cha ziwa Tanganyika na kupita meta 2,000. Ni mlima mrefu kuliko wetu. Nayo ina hatari zake, kuna vijana wanaojishikiza nyuma ya malori kwa baiskeli na wengine wanakufa. Lakini magari yanapanda na kushuka. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mlima hauwezekani. Unawezekana, ila unataka kuangaliwa kila mwaka.

Na kuangalia huko si kwa mashine tu. Kwenye njia nyingi za mkoa wetu kuna kamati za wakaaji wanaotunza kipande chao kwa chepeo, panga na toroli. Mtu mmoja anayefungua mfereji uliozibwa na majani asubuhi ya mvua anaokoa kipande ambacho mashine ingekuja kutengeneza kwa maelfu ya dola. Watu hao wanastahili kulipwa kwa wakati. Salongo ni nzuri, lakini salongo ya Jumamosi moja haitunzi mlima. Pesa ya kutunza barabara inatoka kwetu wenyewe: tangu mwaka 2008 nchi ina mfuko wa kitaifa wa matengenezo ya barabara, unaolishwa na mafuta ya gari na malipo ya vizuizini. Hata anayenunua tomati amechangia, kwa sababu shoferi ameyaweka mafuta hayo ndani ya bei.

Kwa hiyo, siku mtakaposikia kwamba kazi imeanza Ngomo, msiulize tu kilometa ngapi. Ulizeni mfereji wa juu uko wapi. Ulizeni maji yakishavuka chini ya barabara yanaangukia wapi, juu ya mawe au juu ya udongo. Ulizeni nani atasafisha mifereji mwezi wa kumi, na atalipwa na nani. Shefu wa kijiji anaweza kuuliza hayo, mama wa soko anaweza, na mtoto wa shule pia.

Sisi kwenye redio tutaendelea kuuliza. Na nyinyi mnaopita pale, mtupigie simu mtueleze mnachokiona, hasa mvua ikishanyesha.